Kochi la Mama Kankindi

Nehemiya alipoamua kuwa mfanyabiashara wa mtandaoni, jambo la kwanza alilofanya ni kubadilisha picha yake ya Fesibuku. Aliondoa ile aliyokumbatia gitaa la kwaya, akaweka nyingine akiwa na koti la kuazima, kalamu mfukoni, amesimama mbele ya gari la mtu huko mjini Mbarara. Chini yake akaandika: Mkurugenzi. Mkurugenzi wa nini, usiulize. Wakati huo mali yote ya kampuni ilikuwa simu moja yenye ufa, na simu yenyewe ilipata chaji kwa foleni, kwenye sola ya kinyozi wa kijijini kwao Misiera.

Tumsamehe tu. Kijana alikuwa na sababu, na sababu hiyo iliitwa Chantal.

Chantal alikuwa binti wa Mama Kankindi, mjane wa mfugaji wa ng'ombe, aliyeshuka kutoka milima ya Kivu Kusini, Kongo, na watoto wawili, akaishia Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kulima mahindi kama wengine. Kwa desturi, mtu wa kutoa neno juu ya ndoa ya binti yule alikuwa mzee Semahoro, kaka mkubwa wa marehemu baba yake. Kwa desturi, ndiyo. Lakini Modeste, kaka yake Chantal, alikuwa amebahatika kupelekwa Amerika, na tangu dola zilipoanza kuingia, desturi ikashikwa na homa. Mzee Semahoro akabaki kuulizwa habari za mvua. Neno la ndoa likahamia ng'ambo kwa Modeste, ambaye mchana alikuwa anakata mapaja ya kuku kiwandani, lakini akipiga simu nyumbani utadhani waziri mkuu.

"Huyo kijana iko na nini?" Modeste aliuliza alipoletewa habari za Nehemiya. "Gitaa?"

Kwa kweli hata gitaa lilikuwa la kanisa.

Basi mwaka ule wa elfu mbili na kumi na nne Nehemiya akaapa kwamba Modeste atamwona mtu. Akawa anadamkia Mbarara, anakwenda Kakoba kwa wauza chaguwa, zile nguo za mitumba, kuwahi balo, lile furushi kubwa la nguo, likifunguliwa. Balo likikatwa kamba, wanawake wa Kakoba hawakujui wala hawakuhurumii. Mmoja alimkanyaga mguu, mwingine akamnyang'anya suruali akiwa ameishaishika, tena akamwambia, "Ssebo, wewe iko polepole sana, nenda uza magazeti." Ndivyo alivyojifunza somo la kwanza la biashara, kwamba kiwiko ni mtaji. Alirudi na viatu, mablauzi, mablanketi na koti la manyoya lililotengenezwa kwa ajili ya nchi yenye theluji. Akavifua, akavipiga pasi ya makaa, akavitandaza juu ya mkeka palipo na mwanga mzuri, akapiga picha, akaviweka hewani. Jina la duka: Baraka za Kivu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakutuambia habari za kile kinachokaa tu Fesibuku kikipewa dole gumba. Watu walimpenda jamani! Wakaandika "Amina." Wakaandika "Mungu azidi kukuinua, mutumishi." Mmoja aliuliza bei, akaambiwa, akajibu "Sawa, barikiwa," akapotea hadi leo. Wengine walifika nyumbani kwake kuvipima vile viatu, wakatembea navyo uani mara mbili tatu, wakasema vinabana, wakanywa maji, wakaenda zao. Koti la manyoya akalivaa mwenyewe msimu wa mvua. Chantal alimcheka mpaka akakaa chini.

"Mukurugenzi," alimwambia huku akijifuta machozi, "batu ba hapa habana pesa. Unauzishia nani?"

Swali la maana. Mkurugenzi hakuwahi kujiuliza.

Jibu lilitoka mbali. Mama mmoja aliyehamia Amerika aliona picha ya mablanketi, akaandika hivi: Haya, kama ninakulipa mimi, unaweza kupelekea mama yangu hapo Misiera moja? Nehemiya akapeleka. Bibi akafurahi, akapigwa picha amelikumbatia, picha ikarushwa, na huko ng'ambo kukawaka moto. Kumbe watoto wetu kule walikuwa wamechoka kutuma pesa! Ukituma pesa, kuna shemeji, kuna binamu, kuna mjomba mwenye kiu. Blanketi halinyweki. Kuanzia hapo Nehemiya akaacha kununua kabla ya kulipwa, akaacha kupigana na wanawake wa Kakoba kwa ajili ya vitu asivyojua nani atavinunua. Mtu anaagiza, analipa, ndipo yeye anapanda gari kwenda Mbarara kutafuta. Faida yake anaiweka kando, na picha ya mzazi na mzigo ndiyo risiti. Kwa mara ya kwanza lile neno Mkurugenzi likaanza kufanana na ukweli.

Siku moja simu ikalia, na nani? Modeste.

"Nimesikia unapelekea bazazi ba batu vitu. Sasa utapelekea mama yangu. Nikiona uko mwaminifu na vitu ya mama, tutazungumuza mambo ya Chantal. Nikikukamata na uongo hata kidogo, umusahau."

Nehemiya aliitikia ndiyo mara nyingi kuliko alivyoulizwa. Usiku ule... hapana, hata usiku haukusubiriwa. Saa ileile alikwenda kumwambia Chantal, na wote wawili wakatetemeka kwa furaha kama watoto walioahidiwa nguo za Noeli.

Modeste alianza na mashine ya kusagia matunda. Ya umeme. Misiera hakuna umeme, lakini nani angethubutu kumwambia? Mama Kankindi akapigwa picha ameishika kama anayeshika mtoto wa mtu mwingine, kisha akachukua jagi lake akawekea chumvi. Ikafuata pasi ya umeme. Ikawa ya kuzuia mlango. Kisha kikaja kioo cha kujitazama mwili mzima, na kuku wakakipiga vita kutwa wakidhani wamevamiwa. Kila mara Mama Kankindi alisema, "Mwambie asante," halafu anaangalia kule kilimani ambako ng'ombe wa wenyeji Wanyankole walikuwa wanapita, anaangalia muda mrefu. Nehemiya aliona. Lakini Modeste hakuwa anaagiza ng'ombe. Alipodokezwa na mama yake, alisema ng'ombe ni mambo ya zamani, kwamba yeye anataka mama yake aishi kama mutu.

Ndipo likaagizwa kochi.

Si kochi la hivihivi. Nehemiya alilipata Mbarara, kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa inabadilisha samani: jekundu, maua ya dhahabu, mikono mipana kama vitanda vya watoto. Liligoma kupita mlangoni kwa Mama Kankindi. Wakang'oa fremu, wakabomoa kipande cha ukuta, wakaliingiza, wakaziba ukuta. Likajaza sebule yote hata ukitaka kufika jikoni unalipanda. Mama akakalishwa, mkono mmoja juu ya egemeo, picha ikapigwa. Modeste akaibandika Fesibuku yake kwa maneno ya kuliza watu: Mama, umeteseka vya kutosha, sasa ikala. Madole gumba yakamiminika kutoka kila jimbo.

Na Mama Kankindi akakaa. Tatizo ni kwamba hakukaa peke yake.

Ibada ya nyumbani, iliyokuwa ikizunguka nyumba kwa nyumba, ghafla Roho akaelekeza ifanyike kwa Mama Kankindi tu. Akina mama wa maombi wakija wanabonyea mle, hawainuki. Wakimaliza kuomba wanakumbuka ombi lingine. Mzee wa kanisa aliyekuwa analalamika mgongo kwa miaka alitangaza kwamba kochi lile lina uponyaji, akawa anafuata uponyaji huo kila siku mida ya chai. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini utampaje jembe mtu aliyefumba macho anasali? Sukari ikaisha, majani ya chai yakaisha, na chini ya lile jagi la chumvi kukaanza kuonekana.

Mama Kankindi akamwita Nehemiya.

"Mutoto yangu, hii kochi inaniletea batu. Batu mingi. Banaingia, habatoke. Uiuzishe ku ile simu yako, uniletee ngombe. Mutamba muzuri."

Nehemiya akalitazama kochi. "Lakini mama, Modeste akijua..."

"Modeste iko fasi gani? Iko hapa?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Sasa wewe sema. Kwetu mwanaume anayetaka binti wa nyumba habishani na mama wa nyumba. Hata macho hamkazii. Akikataa, amemkosea mama mkwe kabla hajawa mkwe. Akikubali, amemwibia shemeji kabla hajawa shemeji. Maskini Mkurugenzi alizunguka na jambo hilo siku nzima, akamweleza Chantal, na Chantal, badala ya kumsaidia, akasema, "Mama hajaomba kitu tangu baba afe. Hii ndiyo ya kwanza." Ikawa imekwisha.

Alijiona mjanja sana. Alilitangaza kochi, lakini kwanza akambonyezea Modeste kile kitufe cha kumfichia mtu tangazo asilione. Fesibuku wana kitufe hicho, Mungu awabariki. Hawana kitufe cha kukukumbusha kwamba mtu huyo ana mke, Viviane. Tena kwa uvivu hakupiga picha mpya. Alichukua ileile ya risiti, akamkata Mama Kankindi, akakata vibaya, mkono ukabaki juu ya egemeo la kochi, mkono mtupu usio na mwenyewe. Mteja wa kwanza aliuliza kama mkono nao unauzwa.

Aliyelinunua ni mwenye saluni wa mji mdogo wa Kaberebere, mwanamke wa maneno machache aliyekuja na gari lake na fundi wake wa kubomoa ukuta. Jumamosi ya gulio la mifugo Nehemiya akaenda kulekule Kaberebere, na kwa kuwa yeye alikulia kambini na ng'ombe alimjua kwa mkia tu, alimwomba mchunga ng'ombe mmoja mzee amchagulie. Akachaguliwa mtamba mwenye pembe zinazoanza kupinda vizuri. Akalala kwa rafiki yake, na Jumapili asubuhi wakapakia pikapu. Dereva alimshusha Base Camp, katikati ya kambi, akisema gari lake limechafuliwa vya kutosha. Basi Nehemiya akafunga kamba, akavaa koti lake la suti la kazini, kwa sababu kila akipeleka mzigo huvaa koti, akaanza kutembea na ng'ombe kuelekea Misiera. Alikuwa na haraka ya kufika, apige picha, amkabidhi mama ng'ombe wake.

Ee Nehemiya! Simu unaijua mpaka mapafu yake, lakini mila za kwenu za mahari hukufundishwa.

Kwa maana alifika Misiera saa ileile ibada inatoka. Watu wote barabarani, Biblia kwapani. Na wanaona nini? Wanaona kijana mseja, amevaa koti, anaongoza mtamba kwa kamba, mchana kweupe, ananyoosha moja kwa moja hadi uani kwa mjane mwenye binti aliyefikia kuolewa. Mama mmoja akapiga kigelegele. Wa pili akadaka. Ng'ombe alipoingia uani, nyuma yake lilikuwa limeingia kanisa zima, na mzee Semahoro ameishasimama mbele, fimbo mkononi, amenyooka kama mtu aliyerudishiwa ujana.

"Ngombe haiingie ku lupango ya mutu kimya kimya kama kuku," Semahoro alisema, akatazama watu wote wa ua ule. "Kijana, hii ngombe inatoka wapi, na inamutafuta nani?"

Nehemiya akafungua mdomo. Alitaka kusema: mzee, mimi nimeleta mzigo tu. Jamani, maneno yenyewe ndiyo hayo, mepesi. Lakini akisema ni mzigo, wataulizana mzigo wa nani, na jibu ni kwamba Mama Kankindi ameuza zawadi ya mwanawe, na kanisa lililokalia zawadi hiyo linasikiliza. Akamtazama Mama Kankindi amsaidie. Mama alikuwa anampapasa mtamba shingoni, taratibu, ameegemeza shavu pale, na uso wake ulikuwa uso ambao Nehemiya hakuwahi kuupata katika risiti hata moja. Akainamisha kichwa.

"Ninaona haya imemukamata," Semahoro akasema kwa upole mkubwa. "Ni vizuri. Mukwe muzuri anakuwa na haya. Tumepokea."

Hakuna mtu Misiera aliyewahi kupokea kwa haraka namna ile. Maziwa yakaletwa kutoka kwa jirani, yakanywewa kwa zamu, Fanta zikatafutwa, dua ikaombwa, na wavulana wakaanza kumwita Nehemiya shemeki, shemeji wa ukoo. Ndani, nyuma ya pazia, Chantal alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga asisikike akicheka. Kisha akaacha kucheka, akaanza kulia, kwa sababu alikumbuka Modeste.

Wala Modeste hakukawia. Fanta hazijaisha, simu ya Mkurugenzi ikalia.

"Mwizi weye!" Sauti ilitoka kubwa hata bila simu kuwekwa spika. "Kochi yangu iko wapi? Viviane ameona mukono ya mama ku Fesibuku! Bibi yangu anajua ule mukono! Unauzisha mama yangu vipande vipande?"

Ua wote ukageuka. Nehemiya alisimama na simu mkononi.

"Sikiliza," Modeste akaendelea, na sasa alikuwa ametulia, jambo lililotisha zaidi. "Chantal, umusahau. Na leo nitaandika jina yako, Baraka ya Kivu yako, batu bote ba huku bajue. Hautauzisha tena hata sindano. Jibu! Kochi iko wapi?"

Nehemiya alijua jibu. Angesema sentensi moja, aliyeuza ni mama yako, na duka lingepona. Aliona kila kitu kinamtoka, wateja, jina, Chantal pale penye pazia, na moyo ulimuuma waziwazi kama jino. Akasema tu, "Nisamehe, kaka." Basi.

"Lete hiyo simu," Mama Kankindi akasema.

Akaipokea kwa mkono mmoja. Mwingine haukutoka shingoni kwa ng'ombe.

"Modeste, ni mimi. Hakuna mutu aliiba. Kochi niliuzisha mimi. Iko hapa mbele yangu, inakula majani."

Modeste akashusha sauti: "Mama... ulinunua ngombe? Ku kambi? Kwa kochi yangu?" Sauti ikapanda tena. "Basi hiyo ngombe ni yangu! Bote basikie, ngombe ni ya pesa yangu!"

Hapo mzee Semahoro akakohoa. Miaka mingapi aliulizwa habari za mvua tu! Akaomba simu kwa heshima zote.

"Mutoto ya ndugu yangu, tunakusikia vizuri. Lakini hii ngombe tumeipokea saa hii, mbele ya kanisa, kama mahari ya Chantal, na maziwa tumekunywa. Sasa unasema ni yako. Sema tena polepole, bazee basikie. Ni weye unatoa mahari ya dada yako?"

Mama mmoja alijifunika uso kwa kitenge. Mzee wa kanisa mwenye mgongo alisimama mwenyewe bila kusaidiwa.

"Hapana!" Modeste akapiga kelele. "Hapana, baba mukubwa! Hapana!"

"Basi ni ya nani?"

Huko Amerika alisikika Viviane akiuliza kumetokea nini, na hakuna aliyemwambia. Semahoro akamrudishia Mama Kankindi simu, akakaa, akajipangusa midomo ambayo haikuwa na kitu.

"Modeste," mama akasema. "Asante kwa kochi. Asante kwa vyote. Lakini nilikuwa naikala tu, mwanangu. Asubuhi naikala, magaribi naikala. Uliniambia niikale nikaikala. Hukuniuliza kitu gani inaweza kuniamusha."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali. Nehemiya akadhani simu imekatika, na pamoja nayo kila alichokitaka duniani. Alinyoosha mkono aichukue.

Ndipo ikasikika pumzi, na mtu akipenga kamasi.

"Mama, nipe shemeki."

Nehemiya akaishika kwa mikono miwili. "Niko hapa, kaka."

"Shemeki," Modeste akasema, "iko rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu gani?"

Mkurugenzi akamtazama ng'ombe, akatazama watu, hakujua. Nyekundu si nyekundu? Akamsogezea Mama Kankindi simu mdomoni.

"Bihogo," Mama akasema. "Ile ya kuiva kabisa."

"Kama ile ya baba?"

"Kama ile ya baba."

Modeste akaanza kuuliza pembe, akauliza kwato, akauliza anakula vizuri au anachaguachagua, na mama anamjibu moja moja, na Jumapili hiyo Modeste, ambaye kwake ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha, alichelewa kanisani.